Bwana Mifugo na Dawa Iliyofanya Kazi

Habari ya kifo chake niliipata sokoni nikichagua maharage, kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba namfahamu marehemu. Aliniambia kwamba yule bwana mifugo mstaafu wa Kasense, yule aliyefukia mahindi, ameanguka uani kwake asubuhi na kukata roho njiani akipelekwa hospitali. Kisha, kabla sijauliza lolote, alishusha sauti akaongeza kwamba watu wanasema ni ile sumu aliyokuwa akiichezea shambani. Nilirudisha maharage kwenye fungu, nikarudi nyumbani Katandala kwa miguu, nikiwaza. Wageni wakisikia jina la Sumbawanga hudhani kwamba kila kifo hapa hutafutiwa mchawi. Siku hizi tumesogea kidogo, tunatafuta sumu, ila tunaitafuta kwa njia zile zile za zamani: kwa kunong'ona, na bila kumuuliza anayejua. Mimi nilimfahamu marehemu kwa miaka mingi, japo siwezi kujiita rafiki yake wa ndani, na katika habari hii nzima nina mashaka yangu. Siyo hayo ya sokoni. Leo nitayaeleza, na msomaji atapima mwenyewe.

Tulifahamiana zamani, nilipokuwa nafuga ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba na yeye bado yuko kazini. Alikuwa mtu wa kutilia shaka kila kitu. Ukimwambia ng'ombe amekula vizuri, atakwenda kutazama kinyesi chake. Ukimwambia umeosha ndoo, atainusa. Watu wengi hawakumpenda kwa tabia hiyo, na nadhani alijua. Kuna siku iliyomtangaza mjini kote, na wale wa umri wangu wataikumbuka. Ilikuwa kesho yake ni sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, na kamati ya chakula ilileta machinjioni dume kubwa, zuri, limenona, lililotolewa na mfugaji mmoja mwenye heshima zake. Bwana mifugo alilizunguka, akalipapasa shingo, akasimamisha kidole mahali pamoja. Akamuuliza mfugaji dume lile lilichomwa sindano lini. Mfugaji akasema halijawahi kuchomwa. Bwana mifugo akabonyeza tena pale pale, dume likaruka, akasema, "Huyu amechomwa wiki hii. Mrudishe nyumbani." Wanakamati walimsihi, mmoja wao akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ni muumini wa parokia hiyo na watoto wake wamebatizwa pale. Hakubishana nao. Alikunja koti lake jeupe, akalitia kwenye mkoba wa baiskeli, akaondoka, na bila yeye hapakuwa na wa kupiga muhuri. Sikukuu ile tulikula ugali wa ulezi na maharage. Wengine walikula kwa hasira, na padri katika mahubiri yake hakuligusa jambo hilo kabisa.

Nimeanza na dume lile kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa alichokifanya baada ya kustaafu. Alihamia Kasense, akawa mkulima kama sisi wote: mahindi, ulezi kidogo, maharage. Misimu ya karibuni viwavijeshi vamizi wametusumbua sana huku uwandani. Wanaingia kwenye moyo wa mhindi ukiwa bado mdogo na kuutafuna kutoka ndani, na asubuhi unakuta majani yamekuwa matambara. Dawa za dukani zipo, lakini zinapanda bei kila msimu, na nyingine ukinyunyiza viwavi wanaendelea kula kana kwamba umewanyunyizia chumvi. Jirani yake, mama mmoja mjane anayelea wajukuu wake, alikuwa na shamba lililopakana na la bwana mifugo. Msimu huo mashamba ya wengine yalikuwa yameliwa, la mama yule lilisimama kijani. Watu walianza kumsema. Bwana mifugo, kwa tabia yake ile ile, alivuka mpaka akaenda kutazama.

Mama yule hakuficha. Alimwonyesha kichupa kidogo kisicho na kibandiko chochote, alichokinunua kwa mwanamume mmoja siku ya mnada huko Chala. Alielekezwa achanganye na maji kwenye bomba la mgongoni na kunyunyiza kwenye moyo wa mhindi. Hakuambiwa zaidi ya hapo. Bwana mifugo alikaa kwenye tuta akawatazama viwavi. Baadaye alinieleza kilichomshtua. Hawakufa kama wadudu waliopuliziwa dawa ya dukani, kwa kujikunja na kuanguka palepale. Walilegea kwanza kama walevi, wakaacha kula, wakabaki wananing'inia, ndipo wakafa polepole. Namna hiyo ya kufa alikuwa ameiona maisha yake yote, kwenye chawa wa ng'ombe. Alitia tone la dawa ile kati ya vidole, likateleza kwa uzito anaoujua. Hapo akaingiwa na wasiwasi kwamba ndani ya kichupa kile mna sindano ya ng'ombe ya minyoo, ile ambayo wataalamu wanaiita ivamektini, ambayo yeye mwenyewe ameichoma kwa ng'ombe wa wilaya nzima.

Alikwenda mjini kwa mwenye duka la dawa za mifugo, mtu aliyerithi duka kwa baba yake na ambaye marehemu alimheshimu. Kabla hajaeleza shida yake, mwenye duka ndiye aliyeanza kulalamika. Alisema msimu huo sindano ya minyoo inaisha upesi kuliko kawaida, na baadhi ya wanaoinunua hawana harufu ya zizi. Akiwauliza, wanajibu kwamba ng'ombe wako kijijini. Alikuwa amefikia hatua ya kuificha chini ya kaunta na kumuuza tu anayemfahamu. Bwana mifugo alinunua chupa moja, akapitia kwangu Katandala akiwa nayo mfukoni pamoja na kile kichupa cha Chala. Aliviweka vyote viwili mezani kwangu, pembeni ya kikombe cha chai, na kuniambia kwamba atavijaribu shambani. Nakiri kwamba nilimtazama kwa jicho la pembeni. Katika nchi yetu mstaafu akianza utafiti kwa hiari yake, mara nyingi kuna mtu nyuma yake mwenye gari. Nilimuuliza ametumwa na nani. Akasema ametumwa na viwavi.

Alikata kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake, mbali kidogo na mahindi mengine, akakigawa. Sehemu moja aliinyunyizia dawa ya kile kichupa, nyingine sindano ya ng'ombe, na nyingine maji matupu. Kuku wake wote aliwafungia bandani, maana hakutaka wawale viwavi watakaoanguka. Mkewe alikatazwa kuchuma hata jani la boga upande ule. Majirani walicheka kuona kuku wamefungwa kama wafungwa kwa ajili ya mahindi. Nilikwenda kutazama mara mbili tatu, kwa kuwa habari kama hiyo mwandishi hawezi kuiacha ipite. Mara ya mwisho nilipokwenda, hapakuhitajika mtaalamu kusema matokeo. Mahindi yaliyopewa maji yalikuwa yamechanwachanwa, na zile sehemu mbili nyingine zilikuwa za kijani, zimefanana kama mapacha. Kwa hiyo shaka yake ya kwanza ilikuwa imethibitika kwa macho, ingawa yeye alisisitiza kwamba macho si maabara. Chini ya mashina, katikati ya viwavi waliokufa, aliniokotea wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi ambao hula wadudu waharibifu. Nao walikuwa wamekufa. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyepokea barua ya msiba.

"Mbona umenuna?" nilimuuliza. "Imefanya kazi."

"Hilo ndilo linalonitisha," akasema. "Ingekuwa haifanyi kazi, watu wangeiacha wenyewe."

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa kwa mambo mengine, aliomba nafasi azungumze. Nilikuwapo, nimekaa nyuma na wanaume wengine ukutani. Alieleza bila kupamba: kichupa kinachouzwa mnadani kina kila dalili ya kuwa sindano ya ng'ombe, na tafadhali wasikinunue tena. Alisema dawa hiyo ina ndugu zake waliotengenezwa kwa ajili ya mimea, waliopimwa na kubandikwa maelezo, na wanaoweza kununua hao wanunue. Alipomaliza alisimama mzee mmoja wa makamo aliyepoteza karibu shamba lake lote. Alimuuliza swali moja tu: hiyo ya kichupa inaua viwavi au haiui? Nafikiri mtu mwingine angedanganya hapo, kwa nia njema kabisa. Angesema haiui, au inaua kidogo, na mkutano ungeisha. Bwana mifugo akasema inaua, ameona kwa macho yake. Minong'ono ikaanza. Mzee yule akauliza, kwa upole, basi kosa lake ni nini.

"Ng'ombe wako nikimchoma," bwana mifugo alijibu, "nakwambia usimchinje mpaka siku kadhaa zipite, kwa sababu siku hizo zimeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Kuna watu walikaa wakazipima. Kwa hindi hakuna aliyepima. Hindi halina siku zilizoandikwa. Ukiniuliza uanze kulila lini, mimi sijui, na huyo aliyekuuzia hajui."

Kwangu mimi jibu hilo lilitosha. Kwa mkutano halikutosha. Mtu mwenye njaa ukimwambia hujui, anasikia kwamba unajua na umemficha. Wakati tunatoka niliwasikia wawili wakikubaliana kwamba mzee amehongwa na wenye maduka ya pembejeo. Mwingine alisema anataka kuiuza mwenyewe, ndiyo maana anawatisha wenzake. Na msimu ulipofika wa mahindi mabichi, ambapo huku kwetu kila nyumba inanukia hindi la kuchoma, bwana mifugo alifanya jambo lililomalizia kabisa jina lake. Alichimba shimo kubwa chini ya boma, akakata mahindi yote ya kile kipande cha majaribio, mabua na magunzi yake, akayafukia mchana kweupe. Watu walisimama barabarani wakitazama. Kwa Mfipa kuzika chakula ni jambo zito, karibu na laana, na mwaka ule chakula kilikuwa haba. Mkewe aliniambia kwamba jioni ile yeye mwenyewe alikuwa na hasira na mumewe kuliko majirani wote.

Yule mama jirani naye alikuwa ametazama shimo lile, na shamba lake zima lilikuwa limenyunyizwa dawa ile ile. Alikuja nyumbani kwa bwana mifugo siku iliyofuata, akasalimia, akakaa kwenye kigoda, akasema neno ambalo mke wa marehemu amenisimulia zaidi ya mara moja. "Baba, na mimi nichimbe shimo?" Ni rahisi kuzika kipande chako cha majaribio wakati una shamba lingine. Mama yule alikuwa na shamba lile tu, na wajukuu. Bwana mifugo hakuweza kumwambia ayafukie, maana hakuwa na uhakika kwamba yana madhara. Hakuweza kumwambia ayale, maana hakuwa na uhakika kwamba hayana. Huenda dawa ilikuwa imekwisha kabisa kabla punje hazijafunga. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, naye akasema huenda, tena huenda sana, lakini hawezi kumlisha mtoto huenda. Basi walipatana hivi. Mama atavuna, mahindi yake yote yatahifadhiwa kwenye ghala la bwana mifugo katika mifuko ile isiyopitisha hewa, na wakati yanasubiri majibu, mama atakula kutoka kwenye mahindi ya bwana mifugo. Mke alikubali. Aliniambia alikubali kwa sababu ya kile kigoda, kwamba mama yule alikaa akiwa ameinamisha kichwa na hakuomba kitu.

Sampuli ya mahindi ilipelekwa kupimwa mkoa mwingine, kwa kupitia ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa sitaki kuwatwisha wote mzigo wa mtu mmoja. Kichupa nacho kilipelekwa. Hapo ndipo mashaka yangu mimi yalipoanza kunona. Tulipouliza, tuliambiwa jambo linashughulikiwa. Tulipouliza tena, mhusika alikuwa kwenye semina. Baadaye tukaambiwa kwamba mahindi yanapimwa sumu ya ukungu na viuatilifu vya kawaida, na dawa ya ng'ombe kwenye hindi haimo katika vipimo vyao, kwa hiyo imeulizwa kwingine. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Miye nimeishi vya kutosha kujua kwamba kimya cha ofisi mara nyingi hakina mshindo wowote, ni kimya tu. Lakini vichupa havikukaa kimya. Viliendelea kuonekana minadani, na sijawahi kusikia kwamba kuna mtu aliyekamatwa navyo. Nani anavijaza? Anaitoa wapi sindano nyingi kiasi hicho, ikiwa mwenye duka wa mjini anaificha chini ya kaunta? Maswali hayo marehemu alikuwa akiniuliza kila tukikutana, na sikuwa na jibu. Sina hata sasa.

Nilifika msibani Kasense siku ile ile ya habari. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyesemwa vile, na kina mama wa jumuiya walikuwa wameshaweka masufuria mekoni. Unga uliokuwapo haukutosha. Mmoja wao, mwanamke mchapakazi asiye na nia mbaya, aliona mifuko iliyojaa ghalani, akaita vijana waitoe ikasagwe. Mjane alikuwa amelala chini ndani, amezungukwa na ndugu zake. Alisikia. Aliinuka, akatoka na kanga yake ya msiba, akaenda kusimama kwenye mlango wa ghala. Akasema hayo hayasagwi. Niliona macho ya watu, nikajua wanachofikiri: mume amefukia chakula, mke anakinyima msiba. Hata wifi yake alimwambia kwa sauti ya chini kwamba anaiaibisha familia. Mjane hakusogea, na wala hakueleza, nadhani hakuwa na nguvu ya kueleza.

Aliyeeleza ni yule mama jirani. Alikuwa mekoni na mwiko mkononi. Alikuja akasimama kando ya mjane, akageukia watu.

"Hayo mahindi ni ya kwangu," alisema. "Niliyatia dawa ya ng'ombe. Msimu mzima huu mimi na wajukuu zangu tumekula ya kwake, na ya kwangu akayafungia humu ili nisijaribu kuyala. Kama mnataka unga, njooni nyumbani. Nina debe nililobakiza, nalo ni lake."

Yule aliyeita vijana alikwenda na mama jirani kuchukua lile debe, na majirani wengine wakaenda makwao kimyakimya, wakarudi kila mmoja na kibakuli au ndoo ya unga. Mzee wa makamo aliyeuliza swali pale mkutanoni alileta ulezi. Tulikula ugali wa mchanganyiko siku ile, na sikusikia tena mtu akizungumzia kuhongwa.

Ningependa kuishia hapo, maana hapo marehemu anatoka msafi. Lakini nilipokwenda kumpa mkono mjane baada ya mazishi, nilimuuliza kwa upole kuhusu ile habari ya sumu. Alitikisa kichwa. "Shemeji, ni presha," akaniambia. Mumewe alikuwa nayo miaka mingi, na vidonge alipewa. Miezi ya karibuni pakiti ilibadilika rangi, na kidonge kikawa na umbo tofauti na kile alichokizoea. Akavitilia shaka. Akaviweka juu ya kabati, akasema atauliza siku akienda mjini. Alikwenda mjini mara nyingi kuulizia mahindi ya jirani yake, akarudi. Vidonge hakuuliza. Mjane aliniambia hilo bila kulia, akanionyesha pakiti, bado imejaa.

Nimelifikiria hilo tangu siku ile, na sijapata namna ya kulilainisha. Mtu yule yule, shaka ile ile. Shaka ya mahindi aliichukua, akaitembeza: akaipeleka dukani, shambani, mkutanoni, akaipeleka hadi maabara, na ilipokosa jibu akalipa gharama yake mwenyewe ili mwingine asidhurike. Shaka ya vidonge aliikalisha juu ya kabati. Ya kwanza imelinda nyumba ya mjane na wajukuu. Ya pili imemwacha mke wake mjane. Sisi wa huku tunajisifu kwamba hatudanganyiki kirahisi, na ni kweli, tunamshuku daktari, tunamshuku bwana shamba, tunamshuku jirani ambaye mahindi yake yamestawi. Lakini nyingi ya shaka zetu ni za kukaa nazo tu. Tunazinong'ona sokoni kwenye mafungu ya maharage, kisha tunakwenda nyumbani tukiwa tumeridhika, kana kwamba kushuku ni sawa na kujua.

Wiki iliyopita nilipita Chala siku ya mnada. Mwanamume mmoja alikuwa ametandaza turubai lake: wembe, betri, dawa za panya, na nyuma kidogo, vichupa visivyo na kibandiko. Nilikiinua kimoja nikamuuliza ni cha nini. Akasema cha viwavi, kinaua kabisa, niulize mtu yeyote. Nikamwambia nakubali kinaua. Nikamuuliza, nikishanyunyiza, nisubiri siku ngapi kabla ya kula hindi. Alinitazama, akitafuta kama namtania.

"Mzee," akasema, "hilo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonisumbua njia nzima ya kurudi. Kwa hiyo ndugu msomaji, shuku, una haki zote za kushuku. Ila shaka yako usiilaze. Ipeleke kwa anayeuza, kwa bwana shamba, kwa aliyekuandikia vidonge, umuulize kwa sauti na usimame hapo mpaka akujibu. Akikuambia hajui, rudisha kichupa chake mahali ulipokitoa. Na akikuambia kwamba dawa ni ile ile, imebadilishiwa umbo na pakiti tu, nenda nyumbani ukaimeze.